Waliona ringi, hawakuona mfuko: jicho la mtazamaji huenda wapi video inapokatwa?

Swali

Mimi ni mhariri wa video mjini Morogoro. Nimetengeneza video ya dakika tisa ya kuwafundisha wakulima kuhifadhi mahindi katika mifuko isiyopitisha hewa. Tulipoionyesha kijijini kwa projekta, tuliwauliza watu wameona nini. Wengi walimtaja mtoto anayekimbiza ringi nyuma ya mkulima, mtoto ambaye mimi mwenyewe sikuwahi kumwona katika wiki mbili za kuhariri, na wachache tu ndio waliweza kueleza namna mfuko wa ndani unavyofungwa. Mteja anasema watu wa vijijini hawajazoea video za kukatakata, na anataka nirudie kazi yote kwa shoti ndefu za polepole. Je, yuko sahihi? Na mhariri anaweza kweli kuliongoza jicho la mtazamaji, au kila mtu hutazama anachokitaka? Nimeambatisha fremu mbili za mahali penyewe, mwisho wa shoti moja na mwanzo wa ile inayofuata, ambayo ina urefu wa sekunde mbili.

Jibu

Nianze na fremu zako mbili, kwa kuwa nusu ya jibu imo humo. Ya kwanza ni mwisho wa shoti ya karibu: mikono ya mkulima imeshika shingo ya mfuko wa plastiki, nayo iko upande wa kushoto wa picha. Ya pili ni mwanzo wa shoti pana: mkulima amehamia kulia, ameinama, mikono yake sasa ni midogo kiasi cha kutaka kutafutwa, na kule kushoto, mahali palepale mikono ilipokuwa kabla ya mkato, uwanja ni mtupu na mtoto anaingia akikimbiza ringi lake. Weka kidole chako juu ya kioo cha kompyuta palipokuwa na mikono, kisha sogeza video fremu moja mbele bila kukiondoa kidole. Kidole chako kinamgusa mtoto. Watazamaji wako hawakwenda kumtafuta mtoto huyo. Wewe ndiye uliyewachukua ukawaacha mlangoni pake.

Ili tuone kwa nini kidole kinatosha kuwa kipimo, hatuna budi kukumbuka jinsi jicho lilivyo bahili. Unyooshe mkono wako mbele na utazame ukucha wa kidole gumba. Upana wake, kwa umbali huo, ni kama digrii mbili, na hilo ndilo eneo lote ambalo jicho huliona kwa ukali wa kutosha kusoma herufi au kutambua fundo la kamba. Yote yanayozunguka eneo hilo huonekana kwa ukungu, na ukungu huongezeka kadiri unavyoelekea pembeni, ingawa hatuutambui kwa sababu kila tunapotaka kujua kitu tunalipeleka jicho huko kabla hatujatambua kwamba tulikuwa hatukioni. Jicho halitelezi juu ya picha kama tochi, bali huruka na kutua, mara tatu hivi kwa kila sekunde. Mruko wenyewe huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde, na wakati wa kuruka ubongo huzima sehemu kubwa ya uoni. Tunachokiona ni mkusanyiko wa vituo, kila kimoja cha robo au theluthi ya sekunde.

Kabla ya kila mruko kuna maandalizi, na hapa ndipo hesabu inapomhusu mhariri. Jambo jipya linapotokea pembeni mwa picha, jicho huhitaji takriban sehemu mbili za kumi za sekunde ili lianze kuondoka lilipo. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, hizo ni fremu tano zilizopita bure, na bado jicho halijafika. Shoti yako pana ina fremu 50. Mtazamaji ambaye macho yake yameachwa kushoto angehitaji kwanza kutambua kwamba mikono haipo tena, kisha kumtafuta mkulima, kisha kuishukia mikono midogo iliyo chini ya kifua chake, na hiyo ni miruko miwili au mitatu hata kama hakuna kinachomvuta kwingine. Katika picha yako kipo. Ringi linazunguka, linang'aa juani, na linasafiri kwa mwendo sawa kutoka ukingo hadi katikati. Kitu kinachosafiri hivyo hulifanya jicho liache kurukaruka na kukifuata taratibu, likiwa limenaswa, mpaka kitoke. Ungetaka kutengeneza chambo cha macho kwa makusudi usingepata kilicho bora zaidi.

Sasa nije kwenye swali lako la jumla, kama kila mtu hutazama anachokitaka. Kwa picha tuli, jibu linaelekea ndiyo. Mrusi Alfred Yarbus, ambaye kitabu chake kilifika kwa wasomaji wa Kiingereza mwaka 1967, alimwonyesha mtu mchoro mmoja wa Ilya Repin, unaoonyesha mwanamume anayeingia ghafla nyumbani mwake baada ya kutokuwepo kwa muda mrefu, na kila mara akampa swali tofauti. Alipomuuliza umri wa watu waliomo, macho yalikaa juu ya nyuso. Alipomuuliza hali ya kipato ya familia, yalihamia kwenye nguo na samani. Mchoro ulikuwa uleule, na njia za macho hazikufanana kabisa.

Video hutufanya tufanane. Ukiwakalisha watu ishirini mmoja mmoja mbele ya kifaa cha kufuatilia macho, ukawaonyesha kipande kilekile cha filamu iliyohaririwa vizuri, kisha ukapaka vituo vyao vyote kama nukta juu ya picha, utaona nukta zikisogea pamoja kama nyuki wanaohama mzinga: zote usoni mwa anayesema, zote juu ya mkono unaofungua droo, zote mlangoni mlango unapofunguka. Tim J. Smith wa London na John Henderson ni miongoni mwa waliolichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Utafiti wao na wenzao uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kati ya sifa za kawaida za picha, yaani mwanga, rangi, kingo na kadhalika, kinachotabiri vizuri zaidi mahali ambapo macho yatakusanyika ni mwendo. Mwaka mmoja kabla, Michael Dorr na wenzake walilinganisha vionjo vya filamu za Hollywood na video za kawaida za mitaani zisizohaririwa, na wakakuta kwamba watazamaji wa vionjo hufanana zaidi katika kutazama. Uri Hasson naye, akipima si macho bali shughuli za ubongo, aliripoti mwaka 2008 kwamba kipindi cha runinga kilichoongozwa na Alfred Hitchcock kilizisawazisha sehemu zipatazo asilimia 65 za gamba la ubongo miongoni mwa watazamaji wake, ilhali video moja ndefu isiyokatwa ya bustani ya mjini New York haikufikisha hata asilimia 5.

Basi ndiyo, mhariri anaweza kuliongoza jicho, na mara nyingi huliongoza hata asipotaka. Shoti zinavyokuwa fupi, ndivyo uongozi huo unavyokaza. Filamu nyingi za Hollywood za kati ya mwaka 1930 na 1960 zilikuwa na wastani wa sekunde 8 hadi 11 kwa shoti. Kufikia mwisho wa karne, kwa hesabu za mwanahistoria wa filamu David Bordwell, wastani ulikuwa umeshuka hadi kati ya sekunde 3 na 6. Kila mkato unapotokea, macho ya wengi huelekea kurudi katikati ya picha, kana kwamba yanasubiri amri, kisha huenda kwenye kitu cha kwanza chenye uhai: uso, mkono, kinachotembea. Shoti ikiendelea kukaa bila jambo jipya, macho huanza kutawanyika, huyu anatazama paa, yule anatazama viatu. Kumbuka hilo la kutawanyika, maana nitalirudia nitakapofika kwa mteja wako.

Wahariri walilijua jambo hili kwa mikono yao kabla ya maabara kulipima. Mkato unaofanyika katikati ya tendo, kwa mfano mtu anapoanza kukaa katika shoti moja na kumalizia kukaa katika nyingine, hufichika kwa sababu jicho limeshikwa na mwendo na linaendelea nao upande wa pili. Smith na Henderson walipowaomba watu wabonyeze kitufe kila wanapoona mkato, watu wakijua kabisa kwamba hiyo ndiyo kazi yao, takriban theluthi moja ya mikato ya aina hiyo iliwapita bila kuonekana. Walter Murch, mmoja wa wahariri mashuhuri wa Marekani, alipoorodhesha mambo sita ya kupima ubora wa mkato, aliupa ufuatiliaji wa jicho asilimia 7 tu, nyuma ya hisia, hadithi na mdundo. Kwa filamu ya kuigiza sina ugomvi naye. Kwa video inayomfundisha mtu kufunga mfuko ili gunia la mahindi lisiliwe na dumuzi, naona asilimia hiyo ni ndogo mno, kwa sababu mtazamaji wa filamu aliyepitwa na jambo moja bado hulia na kucheka mahali panapostahili, lakini mkulima aliyepitwa na fundo huenda nyumbani na mfuko unaovuja.

Kabla ya kuendelea, ngoja nikutetee dhidi ya aibu yako mwenyewe. Unashangaa iweje ukae na video wiki mbili usimwone mtoto ambaye kijiji kizima kilimwona kwa mara moja. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaomba watu wahesabu pasi za mpira katika video fupi. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la sokwe alipita, akajipiga kifua, akaondoka, na karibu nusu ya waliokuwa wakihesabu hawakumwona. Miaka miwili kabla ya jaribio hilo, Simons na Daniel Levin walikuwa wameonyesha video ambamo mwigizaji mmoja hubadilishwa na mwingine baada ya mkato, na takriban theluthi mbili ya watazamaji hawakugundua. Wewe ulikuwa na kazi, nayo ilikuwa mikono. Kila ulipofika kwenye mkato ule macho yako yalishajua kwamba mkulima yuko kulia, yakaruka kabla hata shoti haijaanza, na mtoto akabaki katika ule ukungu wa pembeni akiwa si kitu. Mtazamaji wa mara ya kwanza hana ramani hiyo. Ndiyo maana mhariri ni mtu wa mwisho anayefaa kuulizwa kama video yake inaeleweka, na nasema hivyo nikijihesabu mimi mwenyewe.

Sasa mteja. Kauli yake ina umri mkubwa kuliko sisi tunaojadiliana, na imepita karibu na kwako. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na mradi wa Waingereza uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment, yaani jaribio la sinema za elimu kwa Wabantu, ambao ulitengeneza filamu 35 kuhusu kilimo, minyoo ya safura, benki ya akiba ya posta na mengineyo, na kuzizungusha Afrika Mashariki kwa gari. Mwaka 1939 Uingereza ikaunda Colonial Film Unit, kitengo cha filamu kwa ajili ya makoloni, iliyoongozwa na William Sellers, ambaye kabla ya hapo alikuwa akionyesha filamu za afya nchini Nigeria. Sellers alishikilia kwamba Mwafrika asiyesoma haoni picha kama Mzungu anavyoiona, na kwa hiyo filamu zake ziwe na shoti ndefu, mwendo wa polepole, pasiwe na hila za kamera, na kila tendo lionyeshwe hatua kwa hatua bila kurukwa. Kitengo kilifungwa mwaka 1955, lakini nasaha zake, kama unavyoona, bado zinaishi katika ofisi zinazoagiza video.

Kuna kisa kimoja cha zama hizo ambacho lazima ukijue, kwa kuwa ringi lako lina ndugu, naye ni kuku. Mwingereza John Wilson alikisimulia katika makala ya mwaka 1961, na mwaka uliofuata Marshall McLuhan, mwanazuoni wa mawasiliano wa Kanada, akakieneza ulimwenguni. Mkaguzi wa afya alitengeneza filamu ya polepole sana, ya dakika kama tano, kuwaonyesha wanakijiji namna ya kuondoa maji yaliyotuama, kuokota makopo matupu na kuyaweka kando. Walipoulizwa wameona nini, walisema wameona kuku. Watengenezaji hawakujua kama kuna kuku katika filamu yao. Wakairudia fremu kwa fremu, na kweli, kwa muda wa sekunde moja hivi, kuku aliyeshtuliwa aliruka na kupita chini upande wa kulia wa picha.

Wilson alieleza kwamba watu wale walikuwa hawajajifunza kuitazama picha yote kwa pamoja, kama watu waliozoea filamu wanavyofanya, bali waliichambua kipande kwa kipande. Lakini sasa tunajua kwamba hakuna binadamu anayeitazama picha yote kwa pamoja. Sote tuna ukucha mmoja wa uoni mkali, awe profesa au mchungaji wa mbuzi. Nikiisoma hadithi hiyo kama mhariri, naona filamu ya dakika tano ambamo mtu anatembea taratibu akiinama na kuinuka, bila chochote cha kulishika jicho, macho yameshatawanyika kila mahali, na katika utulivu huo kitu kimoja tu kinaruka ghafla. Kuku ndiye aliyekuwa mhariri pekee katika filamu ile. Haya ni makisio yangu, maana hakuna aliyeyapima macho ya watazamaji wale, lakini hayahitaji kudhani kwamba watu wa kijijini wana macho ya namna nyingine.

Kwa hiyo dawa anayoitaka mteja wako itaongeza ugonjwa. Shoti ndefu za polepole zitawapa macho nafasi ya kuzurura, na uwanja wa nyumba ya mkulima haukosi kuku, watoto, mbwa na wapita njia. Tena angekaa jioni moja katika kibanda umiza chochote, akatazama watu wanavyofuata filamu ya Kichina au ya Kihindi yenye mikato mia, huku mfasiri akiwasimulia kwa Kiswahili cha mtaani, angepata taabu kuendelea kusema kwamba hawajazoea kukatakata.

Hata hivyo si haki nimnyime mteja yote, kwa maana ndani ya kosa lake kuna chembe ya jambo la kweli. Mwaka 2010 Stephan Schwan na Sermin Ildirar walichapisha utafiti uliofanyika katika vijiji vya milimani nchini Uturuki, kwa watu wazima ambao walikuwa hawajawahi kutazama filamu wala runinga. Baadhi ya mikato tunayoidhania kuwa ya kawaida iliwatatiza kweli. Lakini shoti zilipounganishwa na tendo walilolifahamu katika maisha yao, waliziunganisha vyema. Kilichowasaidia ni ujuzi wa jambo lenyewe, si wa lugha ya kamera. Mkulima wako anajua kupura, kukausha na kujaza gunia kuliko sisi sote, na hapo unaweza kukata upendavyo. Asichokijua ni kwamba mfuko huu una matabaka mawili ya plastiki ndani ya gunia, na kwamba kila moja hufungwa peke yake, la ndani kwanza. Hilo ni tendo jipya, halina pa kushikia katika kumbukumbu yake, na hapo ndipo panapotakiwa shoti moja isiyokatwa, kuanzia kukamua hewa hadi fundo la mwisho. Wewe ulikata palepale. Mkato wako haukuwa wa haraka kupita kiasi. Ulikuwa mahali pasipotakiwa mkato.

Hapa kuna tofauti ambayo wahariri wengi huisahau wakishalewa uwezo wa kuongoza macho: kutazama si kuelewa. Lester Loschky na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2015, walichukua kipande kifupi cha filamu ya James Bond ya mwaka 1979. Baadhi ya watu walionyeshwa matukio yaliyotangulia, na wengine waliingizwa moja kwa moja kwenye kipande hicho. Waliojua yaliyotangulia walikisia kitakachotokea. Wengine walikuwa gizani. Lakini macho yao yalipita njia karibu zilezile. Filamu iliwaburuta wote kwa kamba moja, na kichwani kila kundi lilikuwa na hadithi yake. Ukiondoa ringi, macho yatabaki kwenye mfuko, naam, lakini hilo halihakikishi kwamba mtu ameelewa kwa nini tabaka la ndani linatangulia.

Kinachounganisha macho na uelewa ni swali au agizo linalotangulia picha. Smith na Parag Mital walichapisha mwaka 2013 jaribio ambamo watu walitazama video zisizohaririwa, mara wakiachwa huru na mara wakitakiwa kutambua mahali zilipopigwa. Walipokuwa huru waliwafuata watu wanaopita. Walipopewa kazi waliweza kuwapuuza na kuchunguza majengo na mandhari. Mvuto wa mwendo, kwa maneno mengine, una nguvu lakini unashindika, mradi mtu aambiwe mapema anatafuta nini. Katika video yako msimulizi anasema "mkulima sasa anafunga mfuko" wakati mfuko umeshafungwa nusu. Maneno hayo yangetangulia kwa sekunde mbili, na yangekuwa ya kumpa mtu kazi: "Tazama mkono wa kulia: anausokota mdomo wa mfuko wa ndani mpaka usibaki na hewa." Sikio hulituma jicho vizuri kuliko mshale mwekundu.

Nimeona pia kwamba umeweka maandishi makubwa chini ya picha, FUNGA MFUKO WA NDANI KWANZA, wakati uleule mikono inapofunga. Hilo ni kosa la pili katika shoti ileile, na ni kosa la kila mtu. Géry d'Ydewalle na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha mwaka 1991 kwamba mtu anayejua kusoma huyasoma maandishi ya chini ya picha hata kama anaielewa lugha inayosemwa, na hata kama hajazoea filamu zenye maandishi. Jicho huvutwa tu. Kwa hiyo waliosoma walikuwa chini wakisoma neno FUNGA huku mfungaji akifunga juu yao, na wasiosoma walikuwa kushoto na mtoto. Yatoe maandishi hapo. Yaweke baadaye, juu ya picha tuli ya mfuko uliokwisha kufungwa, ambapo hakuna kinachotendeka.

Jambo moja dogo la vipimo, kwa sababu ulionyesha kwa projekta. Kama shuka lenu lilikuwa na upana wa mita mbili, aliyekaa mita tatu kutoka kwake aliona picha yenye upana wa digrii 37 hivi, na aliyesimama mita nane nyuma aliona digrii 14. Wa mbele, ambao kwa kawaida ni watoto, wana safari ndefu ya macho kila unapohamisha kitu kutoka kushoto kwenda kulia. Wa nyuma, ambao ndio wenye mahindi, wana safari fupi lakini mikono midogo kama punje. Kwa hadhira ya namna hiyo weka kila kitu muhimu karibu na katikati na ukikuze. Watakaoitazama kwenye simu iliyolazwa, sentimita thelathini kutoka usoni, watapata kama digrii 26, ambayo ni zaidi ya watu wengi wanavyopata mbele ya runinga sebuleni. Simu si skrini ndogo kama tunavyozoea kusema.

Basi fanya hivi. Shoti ya kufunga iache ndefu, bila mkato, mikono katikati. Utakapolazimika kwenda kwenye shoti pana, kata wakati mkono uko katika mwendo, na hakikisha mkono huo unaangukia mahali palepale kwa ile njia ya kidole; kama picha ulizonazo hazikuruhusu, ikuze shoti pana na kuisogeza mpaka mikono ikae sawa, jambo ambalo pia litamtoa mtoto nje ya fremu. Kisha irudishe kijijini kwa watu ambao hawakuiona ile ya kwanza, watu sita au saba wanatosha, uwaulize swali lilelile mlilouliza mwanzo, mmeona nini, halafu mpe mmoja wao mfuko halisi na mahindi, ukae kimya umtazame anavyoufunga.

Na ringi, kama mteja atakubali, ningelipa shoti yake lenyewe mwanzoni kabisa mwa video, kabla mkulima hajatokea. Watu walilipenda, na likiwa peke yake kwenye picha halitamnyang'anya mtu fundo lake.